Gereza lilipogeuka kiwanja cha tenisi cha akina mama

Hebu mshikaji nikuulize. Rafiki yako akikupigia simu Jumamosi akakwambia, "Vaa haraka, kuna mechi gerezani," utamwelewaje? Bila shaka utadhani kuna jamaa yenu kakamatwa na mnakwenda kumpelekea dhamana. Lakini Zanzibar, pale Forodhani, lipo jengo moja ambalo limewahi kuwa vyote hivyo kwa zamu: kanisa, ngome, gereza, karakana ya treni, na halafu, shika kiti usije ukaanguka, kiwanja cha tenisi cha akina mama.

Hilo si jengo jingine bali Ngome Kongwe. Wengi wetu tunalijua kwa muziki. Ukitaja Ngome Kongwe kijana wa mjini atakwambia Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, au ZIFF, lile la filamu lililoanza 1998. Watu wameserebuka pale mpaka viatu vimepasuka. Ila ukimwambia kwamba kwenye uwanja ule ule kulikuwa na wavu, mipira midogo na akina mama wanakimbizana na raketi, anakuona umechanganyikiwa. Wiki hii naomba tukae kidogo ndani ya kuta hizo, maana habari yake ina funzo kubwa kuliko inavyoonekana.

NENO "GEREZA" LENYEWE NI KASHESHE

Tuanze mwanzo. Wareno walipokuwa wababe wa pwani yetu walijenga kanisa dogo pale Unguja, kati ya mwaka 1598 na 1612. Baadaye Waarabu wa Oman wakawatimua. Kule Mombasa Fort Jesus ilianguka mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili, na huku Unguja nako Mreno hakubaki. Waomani wakaona mahali pale pa kanisa panafaa kulinda bandari, wakainua ngome, na mabaki ya kuta za kanisa yakaingizwa humo humo. Hakuna kutupa kitu.

Karne ya 19 ngome ikawa kambi ya askari na mahabusu. Na hapa ndipo Kiswahili kilipofanya utundu wake. Kwa Kireno kanisa ni "igreja". Watu wa pwani wakalitamka kivyao, likawa "gereza". Ngome zikatumika kufungia watu, neno likabaki na wafungwa. Kwa hiyo kila unapotaja gereza, bwana wee, unataja kanisa bila kujua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ngome ikaingiliwa na garimoshi. Zanzibar ilikuwa na reli, kama ulikuwa hujui. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikatoka mjini kwenda Bububu, kama kilomita 11 hivi, na ngome ikawa karakana yake. Baadaye reli ikang'olewa. Ngome ikabaki inasubiri kazi nyingine.

Kazi hiyo ilikuja mwaka 1949. Jengo lilikarabatiwa, uwanja wake wa ndani ukawa klabu ya tenisi ya wanawake. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Mapinduzi ya 1964, ambapo mambo ya klabu yalikwisha na ngome ikakaa bila shughuli ya maana. Ni miaka ya 1990 ndipo lilipojengwa jukwaa na ngazi za kukalia watazamaji, na ngoma zikaanza kulia.

UKUTA UNAOFUNGA, UKUTA UNAOFUNGUA

Sasa mimi nilivyopaona kwa macho yangu nilijiuliza: kwa nini hapo? Mji Mkongwe una nafasi chache, lakini viwanja vya wazi vilikuwepo nje ya mji. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili, na ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unahitaji kama mita 36 kwa 18. Hilo eneo ungelipata kwingine.

Jibu langu ni ukuta. Fikiria Unguja ya mwaka 1949. Mwanamke wa familia yenye heshima zake anatoka na buibui. Kukimbia hadharani, jasho linamtoka, mikono wazi, wapita njia wanakodoa macho? Thubutu! Lakini ndani ya ngome mambo ni mengine. Ukuta ni mrefu, mnene, na mlango unafungwa. Jengo lililotumika kuwafungia watu wasitoke sasa linawazuia watu wasiingie, na mwanamke aliye ndani anapata uhuru wa kurusha mpira mpaka achoke.

Sitaki tujidanganye, haikuwa klabu ya kila mama. Zanzibar ya ukoloni ilikuwa ya matabaka, na raketi haikuwa kitu cha muuza vitumbua. Lakini wazo lenyewe nalivulia kofia. Aliyelibuni alielewa jambo ambalo wakubwa wengi wa michezo hawajalielewa mpaka leo: msichana anaweza kuupenda mchezo kufa na kupona, akauacha kwa sababu ya mahali tu.

Hili nalizungumza kwa uchungu. Mie nimekulia Binza, huku mkoani Simiyu, kabla hata mkoa wenyewe haujazaliwa mwaka 2012, wakati tukiitwa Shinyanga. Shuleni kwetu, jina naliacha, tulikuwa na timu ya netiboli iliyokuwa moto wa kuotea mbali. Kiwanja cha netiboli hakitaki makuu, mita 30.5 kwa 15.25 basi. Chetu kilikuwa kando ya njia ya baiskeli. Kila mechi ilikuwa na watazamaji wa aina mbili: waliokuja kuangalia mpira na waliokuja kuangalia sketi. Pa kubadilishia nguo hapakuwepo, tulikuwa tunajibanza nyuma ya jengo huku wawili wameshika kanga. Maneno tuliyokuwa tunarushiwa siwezi kuyaandika gazetini, mama yangu anasoma.

Kidato cha kwanza tulikuwa 14. Kidato cha tatu tulibaki 5. Hakuna aliyevunjika mguu wala aliyekatazwa na mzazi. Kila mmoja alijiondokea kimya kimya. Yule mfungaji wetu, mrefu kama mlingoti, aliniambia, "Da'angu, mpira naupenda, ila nimechoka kuangaliwa." Siku niliposoma habari za ngome ya akina mama wa Unguja, nilimkumbuka yeye kabla sijamkumbuka sultani yeyote.

WENZETU HAWAOGOPI MAJENGO YAO

Usidhani hayo ni ya Zanzibar peke yake. Duniani majengo ya kihistoria yanachezewa michezo kila kukicha.

London kuna ukumbi wa muziki unaoitwa Royal Albert Hall, umefunguliwa mwaka 1871, wa duara, una kuba kubwa juu na viti vyekundu kama vya bibi harusi. Mwaka 1909 watu walikimbia marathoni humo ndani. Si utani! Mizunguko 524, na Mwitaliano maarufu Dorando Pietri alishindwa njiani, Mwingereza akamaliza. Hebu fikiria kizunguzungu chake. Muhammad Ali naye alipanda ulingoni pale miaka ya 1970 kwa mapambano ya maonyesho. Mwaka 1991 wakaja mabaunsa wa Kijapani wa sumo, wakashindana humo siku tano, mara ya kwanza mashindano yao rasmi kufanyika nje ya Japani. Oktoba 2025 wakarudi tena.

Hapo hapo London kuna Alexandra Palace, jumba la mwaka 1873. Tangu Desemba 2007 ndiyo nyumbani kwa mashindano ya dunia ya vishale. Dogo Luke Littler alibeba ubingwa pale Januari 2025 akiwa na miaka 17. Miaka 17, jamani! Wewe katika umri huo ulikuwa unabeba nini zaidi ya ndoo?

Paris nako, kwenye Olimpiki ya 2024, mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba na taekwondo vilichezwa Grand Palais, jumba la vioo na chuma lililojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Huku kwetu tuliyaona kwenye kibanda umiza, na ubishi ukazuka: hivi wale wanapigania ndani ya stesheni ya treni au ndani ya msikiti? Kioo juu, chuma kila mahali, ngazi kama za ikulu. Ulingo wa mchezo ule ni mwembamba, mita 14 kwa mita moja na nusu hadi mbili, ndiyo maana unaingia popote.

Ila kwa sisi Waafrika Mashariki, kubwa kuliko yote ni Roma, mwaka 1960. Waitaliano waliamua michezo ya Olimpiki iingie kwenye magofu ya mababu zao. Mieleka ikapigwa ndani ya Basilika ya Maxentius, jengo la karne ya 4, na jimnastiki kwenye mabafu ya kale ya Caracalla. Marathoni haikuwa ndani ya jengo, lakini ilipita katikati ya historia, ikaishia usiku kwenye Tao la Konstantino. Aliyefika wa kwanza alikuwa askari wa Ethiopia, Abebe Bikila, pekupeku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Njiani alipita kwenye mnara wa Aksum ambao Waitaliano waliuiba Ethiopia mwaka 1937. Mnara ulirudishwa kwao mwaka 2005, miaka 45 baada ya miguu ile isiyo na viatu. Kwa mtaji huo, jengo la kale linaweza kuongeza utamu kwenye mbio kuliko tangazo lolote la soda.

NA SISI HATUKO NYUMA SANA

Dar es Salaam wapenzi wa ngumi wanaujua Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga. Si wa kale kama ngome, lakini jina lake limebeba historia: ni kumbukumbu ya miaka 60 ya uimamu wa Aga Khan wa Tatu, ambaye mwaka 1946 alipimwa kwa mizani dhidi ya almasi hapo hapo Dar. Alikuwa na mwili wa haja yule mzee, na mizani haikudanganya. Leo ukiingia pale unaweza kukuta maonyesho ya biashara, muziki au watu wanatandikana makonde.

Ngumi hizo Zanzibar zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi, enzi za Mzee Karume. Ni mwaka 2022 ndipo Rais Hussein Mwinyi alipofungua mlango, na kengele ikaanza kulia tena visiwani. Tangu hapo najiuliza. Ulingo wa ngumi una mita sita hivi kila upande ndani ya kamba. Ngome Kongwe ina jukwaa, ina ngazi za kukalia, ina mlango mmoja wa kukatia tiketi. Usiku, taa zinamulika zile kuta, upepo wa bahari unaingia... Si ingekuwa babu kubwa?

Na kwetu Usukumani tuna ligi yetu ya miaka nenda rudi. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye uhasama mtamu kuliko Simba na Yanga, hushindana baada ya mavuno. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji ndio marefa: kundi litakalovuta umati mkubwa ndilo limeshinda. Hakuna penalti, hakuna kulalamika mwamuzi kala mshiko. Pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyependa ngoma zetu kuliko baadhi yetu. Lipo banda la ngoma za kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Sherehe za Bulabo zinapofika, wacheza ngoma wanatamba pale na nyoka shingoni, na vumbi linakwenda mbinguni. Wasukuma hawajaweka kuta, lakini wameweka mchezo na historia kwenye uwanja mmoja.

TUSIJE TUKALIUA JENGO

Lakini ngoja, tusilewe. Majengo ya kale ni kama wazee. Yanapenda kutembelewa ila hayapendi kusukumwasukumwa.

Alexandra Palace iliwaka moto siku 16 tu baada ya kufunguliwa mwaka 1873, ikajengwa upya, ikaungua tena mwaka 1980. Grand Palais ilifungwa mwaka 1993 baada ya kipande cha chuma kudondoka kutoka juu, na watu hawakurudi kwenye ukumbi wake mkubwa mpaka mwaka 2005. Hayo ni mataifa yenye pesa.

Kwetu jeraha bado bichi. Hatua chache kutoka Ngome Kongwe lipo Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele yake iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Kila anayesema "tuingize mechi humu" anapaswa kwanza akumbuke hao wawili.

Kwa hiyo mie nasema ruksa, lakini kwa masharti. Kwanza, mhandisi atangulie mbele ya promota. Pili, hakuna kugongelea msumari ukutani wala kuegemeza jukwaa kwenye jiwe la miaka 300. Kila kitu kisimame chenyewe na kiondoke chenyewe. Tatu, idadi ya watu ihesabiwe mlangoni. Ngome ilijengwa ili watu wasiweze kuingia kwa urahisi, maana yake hata kutoka kwa haraka ni kazi. Nne, spika zipunguzwe. Kuta za mawe na chokaa hazipendi besi inayotikisa kifua. Tano, sehemu ya pesa ya tiketi ibaki kwenye jengo. Ukila kwa bibi, acha japo unga.

Upande wa pili, kuliacha jengo tupu nako si kulitunza. Nyumba isiyokaliwa huota popo, mvua ikavuja na hakuna anayejua. Ngome Kongwe imefika leo kwa sababu kila kizazi kiliitafutia kazi: askari, wafungwa, mafundi wa treni, wacheza tenisi, wapiga gitaa. Isingekuwa hivyo, mawe yake yangekuwa msingi wa nyumba za watu.

NA BINZA JE?

Najua utasema, "Dada, wewe uko Simiyu, ngome utaitoa wapi?" Sina ngome. Wala watemi wetu hawakuacha majumba ya mawe, ingawa neno "ikulu" analolitumia kila mtangazaji limetoka huku huku bara, kwenye makazi ya watemi. Walitoa jina, majumba wakapata wengine.

Tulicho nacho ni maghala. Usukuma nzima imejaa maghala ya pamba ya vyama vya ushirika, mengine yana umri wa babu zetu. Yana kuta, yana paa, yana mlango mpana wa lori. Msimu wa kununua pamba yanajaa mpaka dari. Msimu ukiisha yanabaki na panya na mwangwi. Kiwanja cha vinyoya kinataka mita 13.4 kwa 6.1 tu. Meza ya tenisi ndogo ndiyo kabisa. Ghala kubwa kidogo linabeba hata netiboli. Pamba iondolewe yote na sakafu ifagiliwe vizuri kwanza, maana masalia ya pamba yakipata cheche ni noma, na sigara iwe marufuku.

Halafu siku mbili kwa wiki mlango ufungwe na ndani wawe wasichana peke yao, na mwalimu wa kike, na kona yenye pazia la kubadilishia nguo. Haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Inahitaji ufunguo wa ghala na mtu mwenye roho ya kuutoa.

Nimeshapeleka wazo hili kwa wenye ufunguo mmoja huku kwetu. Wamesema watalijadili kwenye kikao. Mwenyekiti aliniuliza, "Sasa wasichana wakijifungia humo ndani, sisi tutaangalia nini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mtaangalia matokeo."

Nyie wa mjini mlio na kumbi kibao, msijisahau. Mkienda Unguja kwa bata, ukimaliza urojo wako pale Forodhani, vuka barabara uingie Ngome Kongwe mchana, kabla muziki haujaanza. Simama katikati ya uwanja, angalia kuta pande zote. Halafu jaribu kumwona mwanamke mmoja wa mwaka 1949 anavua buibui, analikunja vizuri, anaokota raketi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anakimbia bila kuangaliwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.